Taa ya Jirani, Taa ya Nyumbani

Nimepotea, nakiri kosa. Mara ya mwisho niliwaahidi habari za bumu kuchelewa na jinsi tulivyoishi kwa chipsi kavu na maji ya bomba, lakini zikaja testi mbili kwa mpigo, ikaja semina, halafu juu ya yote ikaja taa. Ndiyo, taa. Leo nawasimulia habari ya taa. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mnajua kwamba mwaka huu sikupata chumba cha ndani, kwa hiyo mimi na mwenzangu mmoja, mtoto wa Bukoba, tumepanga geto huku Changanyikeni, nyuma kidogo ya Mlimani. Chumba kimoja, dirisha moja, vitanda viwili, feni moja inayopiga kelele kama mashine ya kusaga. Maisha si mabaya. Tatizo ni kwamba dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani, na jirani huyo mwezi uliopita alifunga taa juu ya ukuta. Siyo balbu ya kawaida. Ni zile taa bapa za LED, kubwa kama sinia la pilau, nyeupe pee, imeinuliwa uso kama mtu anayetazama ndege. Siku ya kwanza ilipowaka nikadhani kuna gari limepaki uani limewasha taa zote. Nikasubiri lizime. Halikuzima mpaka kunakucha.

Tukafunga pazia, haikusaidia. Tukaongeza kanga, kanga ikageuka sinema: maua yote yakaonekana ukutani pamoja na maandishi yake. Jogoo wa mama mwenye nyumba, maskini, akachanganyikiwa, akaanza kuwika saa 8 za usiku. Mwenzangu akanitazama akasema, "Mwanangu, sisi sasa ni senene." Kwao Bukoba ukifika msimu, mwezi wa 11 hivi, watu wanainua mataa makali juu, wanapanga mabati kuzunguka na mapipa chini. Senene wakifuata ule mwanga wanagonga bati, wanateleza, wanaishia pipani. "Hatuna tofauti," akasema, "isipokuwa senene wanakaangwa na sisi tunaenda kufanya testi." Kweli bwana, testi ile nilikaangwa.

Sasa mjue mimi natoka wapi. Mimi ni wa Nyakunguru, Tarime, mkoa wa Mara. Nilipokuwa mdogo usiku ulikuwa usiku. Kulikuwa na koroboi ndani, kuna moto jikoni, kuna tochi ya baba ya mawe mawili, basi. Ukitoka nje unasimama kidogo, macho yazoee, halafu unaona. Unaona zizi, unaona mgomba, unaona mbwa amelala. Na juu huko usiseme, nyota zimejaa mpaka unasikia kama zina uzito. Ile Njia Nyeupe imekatiza kama moshi wa jiko la asubuhi. Vimulimuli vinatembea kwenye majani chini. Hakuna aliyetuambia kwamba ni utajiri, tuliona ni kawaida tu, kama vumbi.

Lakini siwezi kudanganya kwamba lilikuwa giza tupu. Upande mmoja wa anga kwetu kulikuwa na weupe. Mgodi wa dhahabu wa Nyamongo ulianza uzalishaji rasmi mwaka 2002, na mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Mgodi haulali, magari makubwa yanapanda na kushuka mashimoni usiku na mchana, na lazima dereva aone njia. Kwa hiyo tangu nilipojua kutazama, upande ule wa anga ulikuwa kama mwezi unataka kuchomoza. Nakumbuka nikiwa mtoto nilikaa nje kuusubiri huo mwezi. Nikasubiri weee mpaka mama akaja kunibeba. Bibi yangu akacheka sana. Akasema, "Mura, huo hautoki. Huo umekaa tu hapo."

Basi nirudi Changanyikeni. Baada ya wiki ya pili nikaamua kuchukua hatua. Nikaenda kwenye ofisi moja ya mtaa, nimevaa shati la kola kabisa, nikajieleza: taa ya jirani inaingia ndani kwetu, hatulali, tunaomba msaada. Mzee niliyemkuta pale akanisikiliza vizuri, akavua miwani, akaniuliza, "Kijana, hiyo taa inapiga muziki?" Nikasema hapana mzee. "Inatoa moshi? Inamwaga maji machafu?" Hapana mzee. Akacheka, siyo kwa ubaya, akasema, "Humu watu wanakuja kulia kwamba hawana taa. Wewe ni wa kwanza kuja kulia kwamba unayo."

Nilitoka pale nimenuna, lakini njiani nikajikuta nacheka na mimi. Maana ana hoja. Kelele tunazijua, hata kanuni zake zipo, kanuni za viwango vya kudhibiti kelele na mitetemo zilitoka mwaka 2015. Baa ikipiga muziki mpaka alfajiri unajua unalalamikaje. Moshi tunaujua. Maji machafu tunayajua kwa pua. Lakini mwanga? Mwanga kwetu ni jambo jema siku zote. Mtu akifanikiwa tunasema amepata mwangaza. Utaanzaje kuushitaki?

Jioni ile ile nikajipa moyo, nikaenda kugonga kwa jirani mwenyewe. Shikamoo mzee. Marahaba kijana, karibu. Ni mzee mstaafu, mpole, anafuga sungura. Nikamweleza kwa adabu zote. Akanyamaza kidogo, halafu akanionyesha mkono wa kushoto. Una kovu kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kifundo. Akasema mwaka juzi waliruka ukuta watu watatu, usiku wa manane, umeme umekatika. Mke wake alikuwa mgonjwa ndani, hawezi kukimbia. Yeye akakinga panga kwa mkono. Walichukua simu mbili, televisheni na mtungi wa gesi. "Tangu siku ile," akasema, "mimi bila taa sipati usingizi."

Jamani, mngesema nini? Mimi nilisema, "Pole sana mzee," nikanywa chai aliyonipa, nikaaga. Nikarudi kulala kwenye sinema yangu ya kanga. Usingizi wake na usingizi wangu umegombania taa moja, na kwa kweli wake ulikuwa umelipiwa kwa damu.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyokwenda pamoja. Siku tatu baadaye baba akapiga simu kutoka nyumbani. Baba hapigi simu bila sababu. Akasema usiku wa kuamkia Jumapili, nyumba ya tatu kutoka kwetu, wamechukua maksai wawili. Wamekata uzio nyuma, mbwa hakubweka. Vijana wamefuata nyayo mpaka wamezipoteza. Halafu akasema, "Mwanangu, sisi tuna ng'ombe saba. Wewe uko Dar. Nenda Kariakoo ninunulie taa ya sola, ile kubwa kabisa, nyeupe, ya kumulika boma zima mpaka barabarani. Mwizi aione akiwa mbali, ageuze."

Wasiojua kwetu nawaeleza: ng'ombe siyo mapambo. Wawili walilipa ada yangu ya kidato cha tano na cha sita. Mmoja aliuzwa nije chuoni, kabla mkopo haujatoka. Mimi hapa ninayewaandikia nimeletwa na ng'ombe. Na wizi wa mifugo kwetu siyo hadithi ya wazee. Mwaka 2009, nikiwa na miaka sita, walikuja kwetu. Usiku ulikuwa wa giza kweli kweli. Mama alituziba midomo, akatutoa kwa mlango wa nyuma tukalala kwenye shamba la muhogo. Nilisikia kwato zinapita, nikasikia mtu anapiga mluzi taratibu kama anapeleka mifugo yake mtoni. Waliondoka na ng'ombe 11. Baba asubuhi alikaa kwenye jiwe mlangoni mwa zizi, hakusema neno mpaka jua la saa 6.

Kwa hiyo mimi nisingeweza kumwambia baba, "Baba, giza ni zuri, tazama nyota." Angenifukuza ukoo. Lakini pia sikuweza kusahau kwamba usiku ule giza hilo hilo ndilo lililotuficha sisi kwenye muhogo. Mtu mmoja akiwa na tochi kali angetuona watatu tumelala chini kama magunia.

Nikaanza kusoma. Nilipaswa kusoma somo la testi ya tatu, lakini nikaingia maktaba nikasoma habari za taa. Mjue kwanza kwamba siyo mimi peke yangu ninayelia. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa ramani ya dunia ya mwanga wa usiku. Walikuta zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na zaidi ya theluthi moja ya watu wote hawawezi kabisa kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Nchi zilizokuwa na anga safi kuliko nyingine ni kama Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Madagaska. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine, uliotumia macho ya watu wa kawaida waliokuwa wakihesabu nyota makwao, wengi wao Ulaya na Marekani, kuanzia 2011 hadi 2022. Ukaonyesha mwanga wa anga unaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Wakatoa mfano: mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifikisha miaka 18 atakuwa anaona 100. Mia moja na hamsini zimeondoka na hakuna aliyetangaza msiba.

Na namna inavyotokea ni rahisi kuelewa. Taa iliyoinuliwa uso inamwaga mwanga pembeni na juu. Huko juu mwanga unakutana na vumbi na unyevu, na Dar hatuna upungufu wa vyote viwili, unatawanyika na kurudi chini. Ndiyo ule utando mweupe unaouona juu ya mji ukiwa unaingia usiku kwa basi. Mwanga mweupe wenye ubuluu ndani yake unatawanyika zaidi kuliko wa njano, kwa sababu ile ile inayofanya anga la mchana liwe buluu. Na mwanga huo huo ndio unaoudanganya mwili kwamba bado mchana, ukachelewesha homoni ya usingizi. Kwa hiyo jogoo wetu hakuwa mjinga, alidanganywa kitaalamu.

Wanyama ndio wanaumia zaidi. Watoto wa kasa wakitoka kwenye mayai usiku wanafuata upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani upande huo ulikuwa bahari. Siku hizi wanaweza kufuata hoteli. Mjomba wangu anayevua dagaa Musoma ananiambia jambo hili tangu nikiwa mdogo, ila sikulielewa. Wao wanaingia ziwani usiku wa giza, zamani na karabai, sasa na taa za betri na sola, na mwezi ukiwa mpevu wanaanika nyavu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Taa yako ina nguvu penye giza tu. Mwezi ukiwaka, dagaa hawana haja na wewe." Mvuvi asiyejua kemia wala fizikia, lakini somo zima liko hapo.

Miji mingine imeshaliona hili wakatunga sheria. Flagstaff, mji mdogo wa Arizona huko Marekani wenye kituo cha kutazama nyota, ulipitisha amri mwaka 1958 kuzuia taa za matangazo zinazomulika angani. Ufaransa ilitoa kanuni Desemba 2018: taa za nje zisimwage mwanga juu, zisiwe nyeupe kupita kiasi, na zile za kupamba majengo zizimwe usiku ukienda sana. Hawakusema watu wakae gizani. Walisema mwanga uende unakotakiwa na muda unaotakiwa.

Hapo ndipo nilipopata wazo. Sikulibuni mimi, nilisoma kwamba taa kali inayokupiga machoni inakufanya usione kilicho nyuma yake. Nikasema, ngoja nijaribu kwa mzee.

Nikarudi kwa jirani siku ya Ijumaa usiku. Nikamwambia, "Mzee, naomba usimame dirishani kwako kama unavyosimama ukisikia kishindo. Mimi natoka nje. Uniambie niko wapi." Akakubali, nadhani alinionea huruma. Nikatoka, nikatembea taratibu, nikasimama ubavuni mwa geti lake, usawa wa taa, hatua kama 10 tu kutoka dirishani. Nikachukua na ndoo yake ya sungura nikaishika mkononi. Nikasubiri. Mzee anaangalia. Anaangalia tena. Anaweka kiganja juu ya macho. "Kijana," akaita, "umeshaenda kwenu?"

"Nipo hapa mzee. Nimeshika ndoo yako."

Kukawa kimya. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu." Kwa sababu alielewa. Mwezi mzima alikuwa amesimama pale dirishani kila usiku akilinda mke wake, na alikuwa anatazama taa.

Tukaleta ngazi. Mwenzangu wa Bukoba akapanda, tukalegeza boliti, tukaiinamisha taa itazame chini. Tukakata debe la mafuta nusu, tukalifunga juu yake kama kofia. Mzee akarudi dirishani. Sasa akaona geti, akaona kufuli, akaona miguu yangu, akaona paka aliyekuwa amelala chini ya ukuta muda wote huo. "Rudi pale pale," akaniamuru. Nikarudi. "Nakuona." Nikahama. "Nakuona. Una ndala za rangi mbili." Kweli nilikuwa na ndala za rangi mbili, maisha ya geto mnayajua.

Hakukubali kuizima usiku wa manane, na sikumwomba tena. Alisema anaweza kuitafutia ndogo zaidi siku ikiungua. Ni haki yake. Usiku ule chumba kwetu kilikuwa na giza, na mimi nililala kama mtoto aliyeogeshwa.

Sasa ikabaki taa ya baba. Na hapa nimtaje bibi, maana ndiye aliyeamua.

Septemba 7 mwaka jana, 2025, nilikuwa likizo nyumbani. Wengi mnakumbuka, ilikuwa Jumapili, mwezi ulipatwa. Dunia ilikaa kati ya jua na mwezi, na kuanzia saa 2:30 usiku hadi karibu saa 4, dakika 82 nzima, mwezi ulikuwa mwekundu kama mkaa unaopoa. Tulitoa viti nje. Kadiri mwezi ulivyofifia ndivyo nyota zilivyotoka, kama watu wanaojitokeza baada ya mkubwa kuondoka. Njia Nyeupe ikaonekana yote. Upande mmoja tu, ule wa mgodini, anga ilibaki na weupe wake wa siku zote.

Bibi alikuwa amekaa kimya, ameinua uso. Mimi nikamwonyesha, "Bibi, ona pale." Akaniambia taratibu, "Niambie wewe, mura. Mimi naona wekundu tu." Sikuwa najua. Mtoto wa jicho amekuwa akimfunika kidogo kidogo na yeye hakumwambia mtu. Akauliza, "Ile njia bado ipo?" Nikamwambia ipo bibi, imepita juu ya nyumba kabisa. Akasema zamani ilikuwa inashuka pande zote mbili mpaka chini. Halafu, kwa kuwa mimi nilianza kusikitika kwa sauti kuhusu giza la zamani, akanikata: "Usilisifu sana. Giza lilichukua ng'ombe za babu yako mara mbili. Lilikuwa zuri likiwa juu. Chini lilikuwa na watu."

Basi nilipopigiwa simu na baba nikaomba niongee na bibi. Nikamuuliza, bibi, taa kubwa unaionaje? Akasema pale senta kuna duka limefunga taa ya namna hiyo. Akipita jioni akitoka kanisani haoni kitu, anaona moto mweupe tu, inabidi asimame ashikwe mkono. Nimesoma baadaye kwamba ndivyo ilivyo, jicho lenye mtoto wa jicho linatawanya mwanga mkali ndani yake, kama kioo cha gari chenye vumbi unapokutana na lori usiku. Choo chetu kiko hatua 30 kutoka mlango wa bibi, kupita kando ya zizi. Taa anayoitaka baba ingewekwa juu ya nguzo katikati. Yaani kila usiku bibi angetembea hatua 30 akiwa kipofu kabisa, ili mwizi aogope.

Nikaenda Kariakoo. Mnaijua Kariakoo kwa taa, unaweza kuchagua mpaka ukasahau ulikuja kufanya nini. Ile kubwa aliyoitaka baba muuzaji aliniambia elfu sitini na tano. Nikaiacha. Nikanunua mbili ndogo za sola, za mwanga wa njano, zinazowaka zenyewe mtu akipita na kuzima akishapita. Moja ya nyuma ya zizi pale uzio unapokatika, moja ya njia ya bibi, chini kabisa usawa wa goti. Nikaongeza na tochi nzuri. Vyote kwa pamoja vikala bumu langu zaidi kuliko ile kubwa. Hiyo ndiyo siri ya kwa nini wiki hii nakula kwa mwenzangu.

Nikafunga boksi, nikapeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, likapakiwa kwenye basi la Tarime. Baba alipolipokea akanipigia. Sitaandika yote. Kwa ufupi alisema, "Nimekutuma taa, umeniletea koroboi mbili." Nikamweleza habari ya mzee na ndoo. Nikamweleza kwamba taa inayowaka ghafla inamshtua mwizi na inamwamsha mwenye nyumba, wakati ile inayowaka usiku kucha mwizi anaizoea, na mbaya zaidi inamwonyesha ng'ombe ni wangapi. Akanisikiliza. Akasema, "Hayo ndiyo wanakufundisha huko?" Nikasema hapana baba, huko nimefeli kwa sababu ya hayo. Akakata simu, lakini alikata akiwa anacheka, nilisikia.

Wamezifunga. Sasa ni wiki ya tatu. Ng'ombe saba wapo. Hiyo haithibitishi kitu, najua, mwizi naye ana ratiba yake. Taa ya nyuma imewashwa mara nyingi na mbwa, na usiku mmoja mama alitoka na panga akakuta ni fisi mdogo amesimama amepigwa na butwaa. Baba bado anasema angeipenda ile kubwa. Na kama ng'ombe wakiibiwa wiki ijayo, mimi ndiye nitakayeulizwa. Hilo ninalijua na usingizi wangu wa Changanyikeni sasa una jambo hilo ndani yake. Jambo moja tu nina hakika nalo: bibi anakwenda choo peke yake usiku na kurudi. Na mwezi ujao kuna gari la kwenda hospitali, baba ameahidi kumpeleka akaonwe macho.

Ndugu zangu, nawaachia hili mlifikirie. Umeme unaingia vijijini kwa kasi, mtu anaunganishwa kwa shilingi 27,000. Ni jambo jema, nisilaumiwe kwamba nalipinga. Huku kwetu chuoni binti mmoja wa darasani alinyang'anywa simu kwenye njia ya mkato isiyo na taa, na mimi mwenyewe nilisaini barua ya kuomba iwekwe. Ninachosema ni kwamba sisi ndiyo kwanza tunanunua taa. Wenzetu walinunua vibaya, sasa wanatunga sheria na kubadilisha mji mzima. Sisi tungeweza kuinamisha taa siku ile ile tunapoifunga, halmashauri zikaandika mstari mmoja tu kwenye masharti ya ujenzi: taa itazame chini, isiingie dirishani kwa mtu, izimwe kama hakuna anayeitumia. Ule mwanga unaokwenda mawinguni umelipiwa LUKU, na huko juu hakuna mwizi.

Jana umeme ulikatika mtaa mzima. Nikatoka na ndala zangu za rangi mbili, nikakaa juu ya karo la mama mwenye nyumba. Dar ya mbali bado ilikuwa inawaka, utando mweupe umekaa kule mjini, kama mwezi wa Nyakunguru usiochomoza. Lakini juu yangu nilihesabu nyota mpaka 43. Jirani naye akatoka, ameshika tochi, akaimulika chini. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia nahesabu. Akazima tochi, akakaa. Umeme uliporudi watu wote mtaani walishangilia, na sisi pia tukashangilia, maana simu zilikuwa zimeisha chaji.

Haya, testi ya tatu ni Jumatano. Niombeeni. Nikinusurika, wiki ijayo nitawaletea ile habari ya bumu niliyoahidi. Usiku mwema, na kabla hujalala, toka nje utazame taa yako inaangalia wapi.